Mkulima anavyoweza kuhifadhi taarifa kwenye simu kama anavyohifadhi mahindi

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hawana tena uhaba wa taarifa kama ule wa miaka ishirini iliyopita, wakati mtu wa Kwamsisi au Magoma aliposubiri gazeti lifike na basi, au atege sikio redioni kusikia bei za mazao. Siku hizi taarifa zinamfuata mwenyewe. Zinaingia kwenye simu kupitia makundi ya WhatsApp, tovuti za magazeti, kurasa za wizara na picha za barua zinazopigwa na kutumwa kutoka mkono hadi mkono.

Tatizo lililobaki ni jingine, nalo linagharimu fedha. Taarifa inafika siku ambayo mkulima hana haja nayo, na siku anapoihitaji haionekani.

Mfano mzuri ni wa mwaka 2021. Machi 5 mwaka huo, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kuwa vipimo vilionyesha sumukuvu iliyozidi kiwango kinachokubalika. Siku tano baadaye, Machi 10, Kenya ililegeza zuio hilo na kuweka masharti. Waagizaji wote wasajiliwe. Kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Aidha, kuwe na cheti cha asili kinachotaja eneo mahindi yalikolimwa.

Barua kama hizi husambaa kwenye simu kwa saa chache. Ile ya kwanza, yenye habari mbaya, hukumbukwa na kila mtu. Ya pili, inayoeleza namna ya kuuza, ndiyo yenye fedha ndani yake, na ndiyo hupotea mapema zaidi.

Tuseme mfanyabiashara wa Mkata, kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, aliiona barua hiyo ya pili siku ilipotoka, akaisoma juu juu na kuendelea na shughuli zake. Wiki tatu baadaye anapata mnunuzi wa ng'ambo ya Horohoro anayetaka tani 10. Je, kiwango kilikuwa 10 au 20? Cheti cha asili kilitakiwa kitaje mkoa au wilaya? Anaanza kupandisha ujumbe kwa kidole, akipita katikati ya matangazo ya misiba, michango ya harusi na salamu za asubuhi zenye picha za maua. Haioni. Anampigia mwenzake, ambaye naye anakisia.

Kukisia kwa namna hiyo ni hatari. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni jumla ya sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina ya B1, ambayo ndiyo kali zaidi, isizidi 5. Mtu anayeamini ni 20 atapakia mzigo utakaorudishwa mpakani, na gharama ya lori la kwenda na kurudi ni yake. Mbali na biashara, suala lenyewe ni la uhai: mwaka 2016 watu karibu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu, na Kiteto, moja ya wilaya zilizoguswa na mlipuko huo, iko jirani na maeneo ya Handeni na Kilindi.

Programu za kusoma baadaye

Watu wa nchi zilizotutangulia katika intaneti walikutana na tatizo hili mapema, wakabuni programu za simu na kompyuta ambazo kazi yake ni moja tu: kuweka akiba ya makala ili yasomwe baadaye. Mtu akiwa kwenye tovuti na kuona makala ndefu asiyo na nafasi ya kuisoma, anabonyeza alama moja. Programu inaichukua makala hiyo, inaondoa matangazo na vikorombwezo vya pembeni, inabakiza maandishi na pengine picha, kisha inayahifadhi kwenye simu. Baada ya hapo makala husomeka hata pasipo na mtandao, awe mtu yuko shambani Kwamatuku au ndani ya basi.

Programu ya kwanza kupata wafuasi wengi ilianzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Nate Weiner kwa jina la Read It Later. Mwaka 2012 ikabadilishwa jina na kuitwa Pocket, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Mozilla, watengenezaji wa Firefox. Mwenzake, Marco Arment, alianzisha Instapaper mwaka 2008. Zilifuata nyingine nyingi, baadhi za kulipia na baadhi za bure, ikiwamo wallabag, ambayo mwenye utaalamu anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Faida yake kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi vidogo si ndogo. Ukurasa mmoja wa tovuti wenye picha na matangazo mara nyingi huzidi megabaiti mbili, wakati maneno 1,000 ya makala, yakiwa herufi tupu, hayafiki hata kilobaiti 10. Kwa maneno mengine, mkulima anayefungua ukurasa uleule mara nne ili ausome kidogo kidogo analipia matangazo ya watu wengine mara nne. Akiuhifadhi mara moja, analipa mara moja. Anaweza pia kungoja afike Korogwe mjini au Chanika, penye mtandao wenye nguvu, akakusanya makala zake zote za wiki, kisha akarudi nazo kijijini kama anavyorudi na sukari na mafuta ya taa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wasifiaji wa programu hizi hawalisemi kwa sauti. Mei 2025 Mozilla ilitangaza kuwa Pocket ingefungwa, na Julai 8 mwaka huo ikafungwa kweli. Watumiaji walipewa miezi michache tu ya kuchukua orodha ya vitu vyao. Kabla ya hapo, Novemba 2024, programu nyingine iliyopendwa kwa kuwa ya bure, Omnivore, ilikuwa imefungwa baada ya waanzilishi wake kujiunga na kampuni ya ElevenLabs. Walioitumia walikuwa na wiki chache za kuhamisha akiba yao kabla haijafutwa.

Mkulima wa mahindi hahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Ghala la mtu mwingine ni zuri alimradi mwenye ghala yuko na biashara inamlipa. Akiamua kufunga, mwenye gunia ndiye anayehangaika kutafuta mkokoteni. Tofauti ni kwamba ghala la mahindi walau lina stakabadhi na sheria nyuma yake. Programu ya bure haina. Aliyeweka ndani yake makala 500 kwa miaka kumi hakuwa na dai lolote la kisheria la kurudishiwa hata moja.

Kutokana na hilo, ushauri unaofaa kwa mtu wa Handeni au Korogwe si kukimbilia programu fulani kwa jina. Kitu cha kuzingatia ni tofauti kati ya kuhifadhi kiungo na kuhifadhi nakala. Kiungo ni ile anwani ndefu ya ukurasa. Kukihifadhi ni sawa na kuandika jina la duka kwenye karatasi: siku ukifika ukakuta duka limehama, karatasi yako haina kazi. Tovuti za taasisi zetu hubadilishwa mara kwa mara, na zikibadilishwa, anwani za zamani hufa. Nakala ni mzigo wenyewe, uko ndani kwako.

Vifaa vilivyomo tayari

Simu nyingi zinazouzwa madukani Korogwe zinakuja na kila kinachohitajika, bila kuongeza programu mpya.

Katika Chrome, ambayo ndiyo kisakuzi cha simu nyingi za Android, mtu akigusa vidoti vitatu vilivyo pembeni juu ataona mshale unaotazama chini. Akiugusa, ukurasa mzima unahifadhiwa kwenye simu na unaweza kufunguliwa bila kifurushi. Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia mwaka 2006 kwa sababu ya kubana kurasa na kupunguza matumizi ya data, nayo ina sehemu ya kuhifadhi kurasa, na inafanya kazi vizuri kwenye simu za bei nafuu.

WhatsApp inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiko taarifa nyingi za wakulima zinakopita. Kwanza, ujumbe wenye maana uwekewe nyota: unaushikilia kwa kidole hadi menyu itokee, kisha unagusa nyota. Ujumbe wote wenye nyota hukaa mahali pamoja, mbali na salamu na maua. Pili, tangu mwishoni mwa mwaka 2022 WhatsApp inamruhusu mtu kujitumia ujumbe mwenyewe, kwa hiyo barua au jedwali la bei linaweza kutolewa kwenye kundi la watu 200 na kuhamishiwa kwenye mazungumzo yake binafsi. Kabla ya hapo wajanja walifungua kundi, wakamwingiza ndugu mmoja na kumtoa, wakabaki peke yao humo ndani.

La tatu ni lile linalowaumiza wengi. Faili lililotumwa ambalo mtu hakulipakua hukaa kwenye mitambo ya WhatsApp kwa siku 30 tu, kisha huondolewa. Mkulima anayebana kifurushi, akiona kijitabu cha kurasa 40 kuhusu viwavijeshi vamizi akasema "nitakipakua nikiwa na bando", akirudi baada ya miezi miwili atakuta jina la faili lipo na faili halipo. Itabidi amwombe aliyetuma alitume upya, kama naye bado analo.

Wala hakuna sababu ya kutegemea makundi pekee. Jarida la Mkulima Mbunifu, linaloandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima wadogo na kutolewa tangu mwaka 2011, linapatikana kwenye tovuti yake na linaweza kupakuliwa toleo zima. Maktaba ya Taifa ya Kilimo iliyoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nayo imekusanya mtandaoni vijitabu na machapisho ya Kiswahili kwa ajili ya wakulima. Mtu mmoja wa kikundi akiyapakua akiwa mjini, anaweza kuwagawia wenzake kijijini kwa Bluetooth, bila yeyote kutumia kifurushi.

Taarifa nazo huoza

Kuhifadhi kila kitu ni kosa lingine. Anayejaza ghala bila kuchambua atahifadhi na dumuzi humo humo, yule mdudu ambaye wakulima wa Tabora walimpachika jina la Skania kwa jinsi alivyokula mahindi kwa nguvu za lori. Simu yenye makala 800 ambazo hazijasomwa haina tofauti na simu isiyo na makala yoyote, kwa kuwa hakuna atakayetafuta humo akiwa amesimama kwenye mizani.

Ni vyema basi kupanga taarifa kwa kuangalia zitatumika lini, badala ya kuzipanga kwa mada. Zipo za kukaa wiki moja, za msimu, za kukaa hadi sheria ibadilike, na za miaka mingi.

Bei za mazao ni za wiki. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa jedwali la bei za jumla za mazao ya chakula katika masoko ya mikoa, likiwa na bei ya gunia la kilo 100. Jedwali la leo ni silaha leo. La mwezi uliopita halifai kwa kudai bei. Lakini yasifutwe yote. Mkulima akihifadhi jedwali moja tu la kila mwezi, baada ya miaka miwili atakuwa na kumbukumbu inayomwonyesha bei ya mahindi ilipanda lini baada ya mavuno ya masika na kwa kiasi gani. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoweza kumjulisha kama inamlipa kununua mifuko ya PICS na kungoja, au auze mapema na kulipa madeni. Mtu asiye nayo hutegemea maneno ya dalali, na dalali ana maslahi yake.

Jedwali hilo pia lina mtego. Linazungumza kilo, na vijijini watu wanazungumza debe na gunia. Debe la mahindi makavu lina takriban kilo 18. Gunia la lumbesa la debe saba lina kilo 126 hivi.

Chukua hesabu ya mfano. Jedwali linasema gunia la kilo 100 ni shilingi 80,000 sokoni mjini, yaani shilingi 800 kwa kilo. Mnunuzi anafika Kabuku na kutoa shilingi 75,000 kwa gunia la lumbesa. Kwa haraka inaonekana tofauti ni shilingi 5,000 tu, na mkulima anaona mnunuzi ni mwungwana. Ukigawa kwa kilo 126, mkulima anapata shilingi 595 kwa kilo. Tuseme usafiri, ushuru na upakiaji vinakula shilingi 80 kwa kilo, ambazo ni haki ya mnunuzi kuzitoa. Bado inabaki shilingi 125 kwa kila kilo. Kwa magunia 20 ya lumbesa, ambayo ni kilo 2,520, zimeondoka shilingi 315,000. Ni hesabu ya dakika mbili, ila haiwezi kufanyika kama jedwali halipo mkononi wakati mnunuzi amekaa juu ya gunia.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni wa msimu. Mkoa wa Tanga hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na mamlaka hutoa utabiri kabla ya kila msimu kuanza. Tatizo ni kwamba utabiri wa vuli husomwa wakati mkulima wa Handeni akili yake iko kwenye kuuza mahindi ya masika. Siku anaposimama mbele ya duka la pembejeo akichagua kati ya mbegu ya muda mfupi na ya muda mrefu, anachokumbuka ni neno moja tu, "wastani" au "chini ya wastani", na pengine analikumbuka la mkoa mwingine. Utabiri huo uhifadhiwe wote, maana ndani yake kuna tarehe za mvua kuanza na kuisha kwa kila eneo, na ndizo zinazochagua mbegu.

Masharti na sheria zina uzito wa pekee. Mwaka 2017, serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na pia ikaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwanamke anayepeleka magunia manne ya mahindi kutoka kijiji cha Handeni kwenda kwa watoto wake Korogwe akisimamishwa kwenye kizuizi, kumwambia mtoza ushuru kuwa "nilisikia redioni" hakumsaidii. Kumwonyesha maandishi kunasaidia. Hata hivyo, kwa kuwa viwango vya namna hii huweza kubadilishwa na bajeti ya kila mwaka, nakala ya sheria ihakikiwe kila Julai kwa afisa biashara au ofisi ya kata, na iliyopitwa na wakati iondolewe mara moja. Sheria ya zamani iliyohifadhiwa vizuri ni hatari kuliko kutokuwa na sheria kabisa, kwani inampa mtu ujasiri asiostahili.

Ndiyo maana tarehe ni kitu cha kwanza kutazamwa. Ujumbe unaozunguka bila tarehe wala jina la ofisi iliyoutoa haustahili kuhifadhiwa hata kama unapendeza. Kila mwaka hurudi matangazo ya zamani yakiwa yamevaa nguo mpya: bei elekezi za mbolea ya ruzuku za msimu uliopita, zuio la kuuza nje lililokwisha kuondolewa, au nafasi za mikopo ambazo zilifungwa. Anayehifadhi na alipe jina faili lake kwa kuanza na mwaka na mwezi, kwa mfano "2021-03-10 Kenya masharti ya mahindi". Simu itayapanga mafaili hayo yenyewe kwa mfuatano wa tarehe, na lililo jipya litaonekana.

Kwa mkulima wa mkonge, miaka ni mingi

Yote yaliyotangulia yanamhusu zaidi mkulima wa mahindi na mfanyabiashara. Korogwe kuna mkulima wa namna nyingine, ambaye kwake kusoma leo na kutumia baadaye si suala la wiki wala msimu.

Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo zao hilo lilikua hadi uzalishaji kufikia takriban tani 230,000 mwaka 1964, kabla ya kuporomoka. Leo wakulima wadogo wa vyama vya ushirika, AMCOS, wanalima katika mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, ambayo zamani yalikuwa ya wenye mitaji mikubwa peke yao.

Mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi tangu kupandwa, kisha unaendelea kukatwa kwa miaka mingi. Mkulima anayehudhuria mafunzo ya nafasi za kupandia anayatumia mwaka huohuo. Maelezo ya namna ya kukata, majani mangapi yabaki juu ya mmea ili usidumae, na mkataba wa kusindika unasemaje kuhusu mgawanyo wa mapato, atayahitaji baada ya miaka mitatu, pengine akiwa na simu nyingine kabisa. Ikumbukwe kuwa katika miaka mitatu Omnivore na Pocket zote mbili zimeweza kutoweka.

Kuna na suala la magonjwa. Aina chotara inayoitwa 11648, ambayo ilizalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano wilayani Muheza na kupandwa kwa wingi, ina ugonjwa wa madoa kwenye majani unaojulikana duniani kwa jina la Korogwe. Anayetafuta ugonjwa huo kwenye intaneti atakutana na maandishi mengi ya Kiingereza ya kitaalamu, yakiwa na jina la mji wake na maneno asiyoyaelewa. Bora apige picha majani yenye madoa, aiweke pamoja na tarehe na namba ya kipande cha shamba, na kuiunganisha na ukurasa aliouhifadhi. Mtaalamu wa Mlingano au afisa ugani atafaidika zaidi na picha tatu zilizopigwa kwa miezi mitatu kuliko maelezo ya mdomo ya dakika kumi.

Kwa taarifa za muda mrefu namna hii, nakala moja haitoshi. Simu huibiwa stendi, huanguka mtoni, na kioo kikipasuka fundi anaweza kuifuta yote katika kuitengeneza. Kadi ya kumbukumbu ndogo inayochomekwa ndani ya simu haina gharama kubwa, na ikihamishwa kwenye simu mpya inakwenda na mafaili yake. Wenye barua pepe wanaweza kujitumia mafaili muhimu, ingawa barua pepe nayo ni ghala la mtu mwingine, na anayesahau neno la siri hulia mlangoni.

Njia iliyobaki ni ya zamani. Maduka ya kuchapa na kutoa nakala yapo Korogwe mjini, Handeni na hata Mombo. Mkataba wa AMCOS, masharti ya soko la nje, kalenda ya msimu na maelezo ya ukataji wa mkonge havizidi kurasa 15 vikichapishwa. Kikundi cha watu 30 kikichangia, kila mmoja anatoa kiasi kisichofikia bei ya soda, na wale wasio na simu za intaneti, ambao katika vikundi vya wazee ndio wengi, wanasoma sawa na wengine. Karatasi hizo zitiwe kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa ukutani katika ofisi ya chama, juu kidogo kutoka sakafuni, kwa sababu ya mchwa.